Kumbukumbu ya mradi wangu: kulinganisha matoleo ya nyumbani ya Singin' in the Rain

Tangu mwanzoni mwa mwaka ninakusanya matoleo ya nyumbani ya filamu Singin' in the Rain, kuanzia kanda ya video hadi diski ya 4K, ili niyatazame yote kwenye runinga ileile na kuandika tofauti zake. Filamu hii ya muziki na vichekesho ilitolewa na studio ya MGM mwaka 1952, chini ya uongozaji wa Gene Kelly, ambaye pia ndiye mwigizaji mkuu, na Stanley Donen, na kisa chake kinatokea Hollywood mwaka 1927, wakati sinema zisizo na sauti zilipoanza kuzipisha zile zinazosema. Nimeichagua kwa sababu kichekesho chake kikubwa ni cha masikio. Lina Lamont, nyota mwenye sura ya kupendeza, ana sauti kali inayokwaruza, hivyo studio inaamua kumwazimia sauti ya Kathy Selden, binti ambaye bado hajulikani. Kisa cha namna hiyo kinategemea sana sauti ifike kwa mtazamaji ikiwa vilevile ilivyorekodiwa, na hilo ndilo ninalotaka kulipima kabla ya uzuri wa picha.

Machi: kanda ya VHS

Kanda niliyoipata kwa muuza mitumba ni ya mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Ulaya, na ambao huonyesha picha 25 kwa sekunde. Filamu ya sinema hupigwa na kuonyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde. Njia ya kawaida ya kuihamishia kwenye PAL ilikuwa kuiendesha haraka kidogo, kila picha ya filamu ikachukua nafasi ya picha moja ya video, na kwa sababu hiyo filamu ya dakika 103 huisha kabla ya dakika 99 kutimia. Katika filamu ya mazungumzo matupu watazamaji wengi hawatambui lolote. Katika filamu ya nyimbo mambo ni mengine, kwa kuwa mwendo unapoongezeka kwa asilimia 4, sauti nayo hupanda kwa takriban sehemu 70 kati ya 100 za nusu-toni, yaani za umbali kati ya kitufe kimoja cha kinanda na kinachokifuata. Noti zote zinahamia mahali pasipo na kitufe kwenye kinanda, na anayejaribu kupiga wimbo pamoja na kanda hiyo atalazimika kulegeza au kukaza nyuzi za gitaa lake.

Lakini hasara niliyoiandika kwa wino mwekundu inahusu uigizaji wa Jean Hagen, ambaye aliteuliwa kuwania Oscar kwa nafasi ya Lina. Katika kisa, Kathy ndiye anayemsemea Lina. Nyuma ya pazia, maneno yale ya upole ambayo mtazamaji anaamini yametoka kinywani mwa Kathy yalisemwa na Hagen mwenyewe kwa sauti yake ya kawaida, iliyokuwa nzito na tulivu, na wimbo "Would You?" ambao Kathy anaonekana kumwimbia Lina uliimbwa na Betty Noyes, si na Debbie Reynolds anayemwigiza Kathy. Yaani mwigizaji mmoja amebeba sauti mbili zinazopingana, na ustadi wake umo katika umbali ulioko kati ya hizo mbili. Kanda ya PAL inamfanya Lina awe mkali kupita kiasi, na ile sauti tulivu inaondolewa uzito wake. Kichekesho hakifi, ila kinakuwa chepesi kuliko kilivyokusudiwa.

Kuhusu picha ya kanda sina mengi. Mvua ya wimbo mkuu inaonekana kama ukungu wa kijivu, na rangi nyekundu inavuja nje ya mipaka ya nguo.

Mei: DVD mbili

Nilipata diski mbili za kizazi cha toleo la mwaka 2002, lililotolewa filamu ilipotimiza miaka 50. Moja ni ya PAL na nyingine ni ya NTSC, mfumo wa Marekani. Kwa DVD dunia iligawanywa katika maeneo, na deki ya eneo moja hukataa diski ya eneo lingine. Afrika Mashariki iko katika eneo namba 5, wakati Marekani ni eneo namba 1, kwa hiyo diski ya NTSC ilihitaji deki isiyojali maeneo. Kwa bahati deki za bei nafuu zinazouzwa mitaani kwetu huwa haziulizi pasipoti.

Hapa mtu analazimika kuchagua. Diski ya PAL ina mistari 576 ya picha na mwendo wake ni laini, lakini sauti imepanda kama kwenye kanda. Diski ya NTSC ina mistari 480 tu, lakini sauti yake iko mahali pake. Kasoro yake iko kwenye mwendo: ili picha 24 zijaze mfumo wa takriban picha 30 kwa sekunde, picha moja hukaa skrini muda mrefu kidogo kuliko inayoifuata, na kamera inapomfuata Kelly kando ya barabara, mandhari ya nyuma yanajikwaa. Kwa filamu hii nimeamua kwamba NTSC inashinda. Jicho huzoea mwendo unaojikwaa baada ya dakika chache, lakini sikio linalofahamu wimbo halizoei noti iliyohama.

Julai: Blu-ray ya mwaka 2012

Blu-ray imeondoa ugomvi huo, kwa sababu diski inahifadhi picha 24 kwa sekunde kama zilivyo, kwa ukubwa wa mistari 1080. Filamu imerudia dakika zake 103 na nyimbo zimerudi kwenye noti zake.

Ubora wa picha hii una historia inayostahili nafasi katika kumbukumbu hii. Filamu ilipigwa kwa Technicolor ya mikanda mitatu: nyuma ya lenzi kulikuwa na prizimu iliyogawa mwanga, na mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe ilirekodi kwa wakati mmoja sehemu nyekundu, ya kijani na ya bluu ya picha. Rangi yenyewe ilipatikana baadaye katika maabara, rangi tatu zilipochapwa moja juu ya nyingine kwenye nakala ya kuonyeshea. Mikanda ya namna hii husinyaa kadiri miaka inavyopita, tena kwa viwango tofauti, na isipolingana barabara kingo za vitu huota ukanda mwembamba wa rangi. Jambo baya zaidi ni kwamba negativu za filamu hii, yaani ile mikanda ya awali iliyopita kwenye kamera, ziliungua katika moto wa mwaka 1978 kwenye ghala la George Eastman House huko Rochester, New York. Kilichowezesha urekebishaji ni nakala za akiba zilizochukuliwa kutoka kwenye negativu hizo kabla ya moto. Kwa toleo la 2002 Warner Bros., studio iliyokuja kuimiliki filamu hii, walitumia mbinu ya kompyuta waliyoiita Ultra-Resolution, ambayo hulinganisha rekodi tatu za rangi mpaka zikae moja juu ya nyingine bila kupishana. Kwenye DVD faida hiyo ilionekana nusu tu, lakini katika Blu-ray inaonekana waziwazi: matone ya mvua yamejitenga, kila moja limeshika mwanga wa taa zilizowekwa nyuma yake.

Kuna mipangilio miwili ya runinga niliyoishughulikia hapa. Wa kwanza ni umbo la picha. Filamu hii ina uwiano wa upana kwa urefu wa 1.37 kwa 1, hivyo kwenye runinga pana ni lazima kuwe na mistari myeusi pembeni, na wageni wangu wote huomba niijaze skrini. Kuijaza kwa kuikuza picha kunakata karibu robo ya urefu wake, na kinachokatwa kwanza ni kofia na miguu. Filamu iliyojengwa juu ya wachezaji wanaoonekana kutoka utosini hadi unyayoni haiwezi kutazamwa bila viatu, na rimoti nimeificha.

Wa pili ni uwiano wa sauti na midomo, kwa kuwa runinga za kisasa huchelewesha picha zinapoichakata. Sikuweza kutumia onyesho la jaribio la sinema ya kwanza ya Lina yenye sauti, ambamo sauti inatengana na picha kwa makusudi na sauti ya mwanamume inatoka kwenye kinywa cha mwanamke. Nimetumia wimbo "Moses Supposes", ambamo Kelly na Donald O'Connor wanagonga viatu kwa kasi juu ya meza na sakafu. Milio ya viatu katika filamu za wakati ule ilirekodiwa kando studioni, lakini iliwekwa kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba ucheleweshaji mdogo wa runinga unajionyesha mara moja.

Septemba: diski ya 4K ya mwaka 2022

Diski za 4K hazina ubaguzi wa maeneo, jambo lililorahisisha ununuzi ingawa bei haikuwa rahisi. Tofauti na Blu-ray ni ndogo kuliko nilivyotarajia katika maonyesho ya mchana, na ni kubwa katika sehemu ya "Broadway Melody", ambapo Cyd Charisse anacheza na kitambaa cheupe kirefu kinachopeperushwa na mashine za upepo. Kwenye kanda kitambaa kile ni doa jeupe, na kwenye Blu-ray ni hariri yenye mikunjo michache. Kwenye 4K mikunjo inaendelea mpaka kwenye sehemu zenye mwanga mkali kabisa, na gauni la kijani la Charisse linaloonekana kabla ya hapo lina kina ambacho sikukiona popote awali.

Kazi iliyobaki ni ya sauti. Mwaka 1952 filamu hii ilisikika katika majumba ya sinema kwa mono, yaani sauti ya mkondo mmoja, wakati diski zangu za karibuni zinatanguliza mchanganyiko wa spika sita. Nitausikiliza kwa kuupitisha kwenye spika moja tu ya mbele, nianze na "Would You?", na niandike kama sauti ya Noyes inasimama vizuri zaidi mbele ya ala inapokuwa haina mahali pa kusambaa.