Patmo ya Mama

Jumamosi, usiku

Tangu magharibi nimeinamia ramani ya bahari ya Aegean. Mwakani Mama anatimiza miaka 70, na nilimwahidi tutapanda meli tuzunguke visiwa vya Ugiriki. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kuweka akiba. Kumbe kazi ni kuamua meli iondokee bandari ipi na isimame wapi.

Safari yangu ya kwanza ya namna hii sikuliwaza hilo hata kidogo. Nilihesabu visiwa, nikachagua njia yenye visiwa vingi. Tangazo lilisema tunaanzia Venice. Lakini tangu Agosti 2021 meli kubwa haziruhusiwi kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko, na nyingi zimehamia bandari nyingine. Yetu ilitusubiri Ravenna, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa basi. Nilikuwa nimeota kusimama tezi nikiitazama Venice ikififia nyuma yetu, nikaishia kutazama barabara kuu kupitia kioo cha basi. Iliniuma, na bado inaniuma.

Kisha ikawa safari ndefu ya kushuka Adriatiki na kuizunguka Peloponnese, rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki. Kuna njia ya mkato, Mfereji wa Korintho uliofunguliwa mwaka 1893, lakini upana wake kwenye maji hauzidi mita 25, na meli yetu ilikuwa pana kuliko hapo. Rasi zile zote tulizipita usiku. Niliamka asubuhi nikaambiwa tumeshapita milima mirefu iliyosimama baharini, nami nilikuwa nimelala fofofo. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mtu akisafiri kwa ajili ya mandhari, jambo la kuuliza kwanza ni saa. Tutapita wapi kukiwa na mwanga? Tutaingia bandarini jua likiwa wapi?

Kisiwa cha Mykonos hatukushuka kabisa. Ilikuwa Agosti, na Julai na Agosti ndiyo miezi ya meltemi, upepo mkavu wa kaskazini unaoweza kuvuma siku kadhaa mfululizo chini ya anga isiyo na wingu. Nahodha alitangaza kwamba hatutasimama, tukaendelea. Simlaumu, mawimbi yalikuwa yanapasuka meupe kila upande. Ila mwenye kupanga safari ya Agosti anapaswa kujua kwamba kituo kilichoandikwa kwenye karatasi ni dua tu.

Kisiwa cha Santorini tulifika, na sitaki mtu adhani siipendi. Kuingia ndani ya ile kaldera, volkano iliyolipuka zaidi ya miaka 3,500 iliyopita bahari ikaijaza, kuta zake zikiwa na tabaka jekundu, jeusi na la kijivu, na vijiji vyeupe vimekaa juu kabisa ukingoni! Nilinyamaza kwa muda mrefu. Lakini hakuna gati la meli kubwa chini ya Fira, mji mkuu wa kisiwa ulio juu ukingoni, na maji ya pale ni ya kina mno kutia nanga kama kawaida. Abiria hushushwa kwa mashua hadi bandari ya zamani, kisha wapande zaidi ya mita 200: kwa gari la kamba, kwa mnyama, au kwa ngazi zinazokaribia 600. Siku ile kulikuwa na meli nyingine kadhaa. Foleni ya gari la kamba ilimeza muda wetu wote, na bibi mmoja mwenye bakora aliyekuwa mbele yangu alikaa chini kwenye jiwe, hakusema neno. Nikipanga safari ya Mama, picha ya yule bibi hainitoki.

Kwa hiyo sasa kila kituo nakiuliza swali moja kabla ya mengine: meli inafunga gatini au abiria wanashushwa kwa mashua? Rhodes ni gatini. Unashuka daraja la meli, unatembea kidogo, uko kwenye malango ya mji uliojengewa kuta na mashujaa wa Mtakatifu Yohana, wapiganaji wa shirika la Kikristo waliokitawala kisiwa hadi mwaka 1522. Mama anaweza hilo. Heraklioni, kisiwani Krete, pia ni gatini, na Knossos, magofu ya kasri la kale, iko kilomita tano tu kutoka mjini. Kusadasi, upande wa Uturuki, ni gatini vilevile, ila Uturuki haimo kwenye Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ugiriki ikiwemo. Ukitoka Ugiriki ukasimama huko kisha ukarudi, umetoka na kuingia upya, na kwa pasipoti kama zetu viza ya kuingia mara moja haitoshi. Hilo nimeliandika kwa wino mwekundu.

Bandari ya kuondokea imebaki kati ya mbili za karibu na Athene, Piraeus na Lavrio. Lavrio iko karibu zaidi na visiwa, meli inaokoa muda. Ila nimepima ramani kwa rula na moyo wangu umekwenda Piraeus. Meli ikitoka pale saa kumi na moja jioni, pwani ya Atika, mkoa wa Athene, inakuwa kushoto, na baada ya saa moja na nusu au mbili inapita rasi ya Sounion, lilipo hekalu la Poseidoni, nguzo nyeupe juu ya jabali. Mwisho wa Mei jua kule huzama baada ya saa mbili usiku, kwa hiyo mwanga utakuwa bado upo, tena ule wa dhahabu. Anayeondokea Lavrio akielekea mashariki haipiti rasi hiyo. Nataka Mama aketi kwenye kiti upande wa kushoto aione, bila kupanda ngazi hata moja.

Jioni nikampigia. Baada ya shikamoo nikamsomea vituo kimoja kimoja. Santorini hakuitikia, Mykonos hakuitikia. Nilipotaja Patmos akanikatiza: "Patmo? Ile ya Yohana?"

Sikuwa nimeifikiria kabisa kwa jina hilo. Kwangu ilikuwa kituo cha saa chache jioni, cha kujazia njia baada ya Kusadasi. Kwake ni kisiwa alichokisoma tangu usichana wake, kwenye Ufunuo, na nadhani hakuwahi kufikiri kwamba ni mahali ambapo meli husimama.

Ilibidi nimweleze ukweli. Meli kubwa hutia nanga nje ya Skala, bandari ya kisiwa, kuna mashua. Pango ambamo inasemekana Yohana aliupokea Ufunuo liko mlimani, basi linafika karibu, lakini kuna ngazi za kushuka ndani. Juu zaidi kuna monasteri iliyoanzishwa mwaka 1088, nayo ina mawe na vipandio.

Akanyamaza kidogo. "Magoti yakikataa, mwanangu, nitakaa hapo chini nikiangalie kilima. Yohana naye alikuwa anakiona hicho hicho."

Nimeifuta Santorini kwenye orodha. Nimetafuta njia yenye muda mrefu zaidi Patmo, nimepata moja inayoondokea Piraeus wiki ya mwisho ya Mei. Jumatatu nitauliza kama chumba cha upande wa kushoto, karibu na lifti, bado kipo.