Siku moja maishani mwangu: dereva wa gari la watalii, Cody, Wyoming, Marekani

Saa 11 alfajiri nishaamka. Ni Julai lakini asubuhi baridi bado inang'ata, Cody iko juu kama mita 1,500 hivi. Saa 12 niko yadi nakagua majaketi ya kuokolea, moja moja, navuta kila mkanda, ikilegea kidogo tu naweka pembeni, hapo sina mchezo kabisa.

Saa 3 nawashusha wageni mto Shoshone na boti zao za mpira alafu nazunguka kuwasubiri kule chini. Mto unanuka kiberiti sababu ya chemchemi za moto, wanaziba pua, wakishapigwa wimbi la kwanza wanasahau yote maana maji yenyewe ni theluji iliyoyeyuka milimani.

Saa 7 mchana Old Trail Town, hapa ndo napapenda. Ni nyumba za zamani zilizohamishwa kutoka sehemu mbalimbali zikakusanywa hapa, kuna baa ya 1888 mlango wake una matundu ya risasi unayaingiza kidole kabisa. Kila mtu anakimbilia kibanda cha 1883 walichotumia kina Butch Cassidy, majambazi maarufu wa zamani, sawa, pigeni picha, ila mimi lazima niwapeleke na kwa Curley, kijana wa kabila la Crow, wenyeji wa asili wa huku, aliyekuwa mpelelezi wa Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, kwenye vita ya Little Bighorn 1876 dhidi ya makabila mengine ya wenyeji. Kibanda cha magogo, kidogo, na huwa nawaambia jamani nchi hii ilikuwa na wenyewe kabla ya Buffalo Bill, yule mzungu wa maonyesho ya farasi na bunduki, kuja kuanzisha mji miaka ya 1890, msiondoke na habari za majambazi tu.

Saa 10 mafuta, kuosha gari, kula.

Saa 2 usiku rodeo, mashindano ya kupanda farasi na mafahali wakali na kukamata ndama kwa kamba, ipo kila usiku Juni mpaka Agosti. Mimi mtoto wa wafugaji so jicho langu liko kwenye kukamata ndama, jamaa akisharusha kamba anaruka chini na farasi mwenyewe, bila kuambiwa, anarudi nyuma taratibu kamba isilegee mpaka ndama afungwe miguu. Farasi aliyefundishwa hivyo ana thamani jamani, huko kwetu mzee wangu angekaa hapo mpaka taa zizimwe.

Saa 4 na nusu nawarudisha hotelini. Kesho nina familia ya kupeleka hifadhi ya Yellowstone, km 84 mpaka geti la mashariki, saa 11 na nusu tuwe barabarani maana wanataka kuona dubu na dubu hangoji mtu anywe chai.