Kutoka Ukumbi wa Harusi hadi Ufuo wa Matondoni

Nikiulizwa nilijifunza wapi kutengeneza filamu za hali halisi, jibu langu ni kwamba nilijifunza katika harusi za wanawake hapa Lamu. Katika shughuli hizo wageni huvua mabuibui, simu huzuiwa mlangoni, na mwanamume haingii, kwa hivyo familia inayotaka kumbukumbu ya picha hulazimika kumtafuta mpigapicha wa kike. Mimi nilikuwa na kamera ya kuazima na miaka kumi na tisa.

Kilichonivuta zaidi ya mapambo ni vugo, ngoma ya wanawake ya harusini. Kila mwanamke hushika pembe kwa mkono mmoja na kuigonga kwa kijiti kwa mkono wa pili, na pembe ishirini zikigongwa pamoja hutoa mlio mkavu unaoingia kifuani kabla ya kufika masikioni. Mmoja huanzisha ubeti, wengine humwitikia, na maneno mengi ni mafumbo ambayo wenye nyumba tu ndio wanaoyaelewa. Niliyarekodi hayo yote kwa miaka, lakini sina hata dakika moja, kwa sababu makubaliano yangu na mama wa bibi harusi huwa ni yale yale: nikimaliza kuhariri, humkabidhi kila kitu na kufuta kilichobaki kwenye kompyuta mbele ya macho yake. Sijawahi kulijutia sharti hilo, kwani ndilo lililonifanya mtunzi wa muziki. Nilirudi nyumbani mikono mitupu na mapigo kichwani, nikawa nayatafuta kwenye kinanda kidogo, na baadaye kwenye udi, ile ala ya nyuzi, hadi usingizi uniteke. Mapigo nayachukua, kwani ni ya mji mzima. Beti siziguzi.

Filamu yangu ya kwanza iliyo yangu mwenyewe inahusu mafundi wa majahazi wa Matondoni, kijiji cha hapa kisiwani Lamu. Toleo la awali nililijaza udi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa nilikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba picha na muziki vyote vimetoka kwa mtu mmoja. Nilikwenda kumwonyesha fundi mkuu, ambaye namwita ami, tukakaa kivulini chini ya chombo alichokuwa akikijenga. Alitazama kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Nyundo zangu zi wapi, mwanangu?"

Nilirudi na maikrofoni peke yake, bila kamera. Ilikuwa majira ya kusi, na upepo ulivuma hata kwenye manyoya ya kufunikia maikrofoni, ikabidi nijibanze upande wa demani wa jahazi, usiopigwa na upepo, sikio likiwa karibu kugusa mbao. Kwa siku tatu nilisikiliza kazi ya kalafati. Pamba iliyotiwa mafuta hupigiliwa kwenye nafasi kati ya ubao na ubao, na mwanzoni nyundo hutoa sauti nzito iliyofifia. Kadiri pamba inavyoshiba, sauti hupanda na kuwa kali, na fundi hujua kwa sikio, bila kutazama, kwamba sehemu ile imejaa. Mafundi wawili wakiwa pande mbili za chombo, mapigo yao hupishana, hukutana kwa muda mfupi, kisha hupishana tena. Hapo nilisikia vugo. Muziki wa filamu sasa umejengwa juu ya nyundo hizo, nao udi huingia pale tu fundi anapopumzika.

Tangu Mji wa Kale wa Lamu uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, milango yetu na punda wetu wamepigwa picha nyingi sana, na mara nyingi huwekewa muziki ambao ungefaa mji wowote wenye bahari. Jambo hilo huniumiza, kwa sababu huu ndio mji aliozaliwa mwimbaji Zein l'Abdin, na udi wake unajulikana pwani nzima. Hata hivyo, si kila sauti ya hapa ni ya kuchukuliwa. Matari na nai za Maulidi ya Msikiti wa Riyadha nimezisikia tangu utotoni, na sijaziweka chini ya picha zangu, kwa kuwa kwangu zile ni ibada.

Kuhusu riziki nitasema machache. Harusi ndizo zinazolipia filamu. Shirika moja lililoniagiza video fupi liliuchukua muziki wake na kuutumia katika tangazo jingine bila kuniuliza, na tangu hapo naandika mikataba miwili, mmoja wa picha na mmoja wa muziki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huzihesabu kuwa kazi mbili tofauti, nami ningependa kila kijana anayeanza kazi hii alijue hilo kabla ya kutia sahihi.

Filamu imefika dakika thelathini na moja, na muziki wangu umo katika dakika nne tu. Kilichobaki ni siku ya kushua. Jahazi litavutwa hadi majini kwa kamba na kwa nyimbo, na ami ameniruhusu kuzirekodi nyimbo hizo zote. Tunasubiri maji ya bamvua, yanapojaa zaidi, na nimekwisha kununua manyoya mapya ya maikrofoni.