Cheti cha Halali Kilichotaja Tawi Jingine

Mjomba wangu anaishi Ujiji, na kwa miaka yote niliyomfahamu hajawahi kumwuliza mwenye bucha ni nani aliyechinja. Hana haja ya kuuliza, kwa kuwa mchinjaji anamjua kwa jina, alimjua na baba yake, na Ijumaa husimama naye safu moja. Kwa hiyo nilipomwalika kunywa chai katika mgahawa mpya wa pale Mwanga, Kigoma, ambao ni tawi la mgahawa wa kifungua kinywa uliokwisha kuenea katika miji kadhaa, sikutarajia kwamba sahani yenye mayai, chapati za maji na soseji mbili ingetuweka mezani kwa zaidi ya saa nzima.

Aliigeuza soseji kwa uma, kisha akamwuliza mhudumu kwa upole, "Mwanangu, nyama hii imechinjwa wapi?" Binti yule alimwamkia kwanza, ndipo akaonyesha stika ya kijani iliyobandikwa juu ya kaunta. Niliinuka nikaisoma. Ilikuwa na neno halali kwa hati za Kiarabu na hakuna kingine: si jina la aliyeitoa, si namba, si tarehe ya kwisha muda. Stika ya namna hiyo unaweza kuchapishiwa stesheneri yoyote ukiwa umesimama mlangoni.

Nilimwomba meneja cheti chenyewe. Hapa kwetu ithibati ya halali hutolewa na taasisi za Kiislamu, BAKWATA ikiwa miongoni mwao, na cheti cha kweli huonyesha aliyekitoa, kilichokaguliwa, mahali kilipokaguliwa na siku ambayo muda wake unakwisha. Meneja, kijana mstaarabu ambaye hakuonyesha kuudhika hata kidogo, alinionyesha picha kwenye simu yake. Cheti kilikuwa cha kweli, isipokuwa kilitaja jiko la tawi la Dar es Salaam, na muda wake ulikuwa umepita kwa miezi miwili. Yeye aliamini kwa moyo safi kwamba jina la mgahawa likiwa moja basi na cheti ni kimoja. Lakini mkaguzi aliyeingia jiko la Dar es Salaam hakuliona jiko la Kigoma, wala hajui linanunua nini na linakaangia wapi.

Akanikaribisha nione mwenyewe. Katika friza, pakiti za soseji zilikuwa na alama ya halali yenye jina la taasisi iliyoitoa na namba yake, kwa hiyo jambo lililomtia Mjomba mashaka ndilo lililokuwa na jibu jepesi zaidi. Majarini iliorodhesha E471, kiungo ambacho huweza kutokana na mafuta ya mimea au ya mnyama, ila kopo lilieleza kuwa ni ya mimea. Pakiti iliyokuwa chini yake ilikuwa ya bekoni, na bekoni ile ilikuwa ya nguruwe, yaani kitimoto kwa jina la heshima. Mpishi hakuficha. Alisema huitoa wateja wanapoiagiza tu, akaonyesha bamba la chuma la kukaangia, ambalo lilikuwa moja, na juu yake mwiko wa chuma, nao mmoja, ukingo wake ukiwa bado unang'aa mafuta ya asubuhi.

Mwongozo wa Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kuhusu matumizi ya neno halali, uliopitishwa mwaka 1997, haukatazi chakula halali kutayarishwa katika jengo moja na kisicho halali, mradi viwe katika sehemu tofauti na pawepo hatua za kuzuia visigusane. Jiko lile lilikosa hilo tu, na nadhani bamba la pili lingegharimu kidogo kuliko yale mapazia yao.

Niliporudi mezani nilimkumbusha Mjomba Hadithi ya Bibi Aisha iliyomo katika Sahihi Bukhari, kwamba watu walimwuliza Mtume kuhusu nyama wasiyojua kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu, naye akawaambia walitaje wao kisha wale. Mjomba alinisikiliza hadi mwisho. Akasema Hadithi hiyo inamwondolea mtu shaka ya mchinjo, na laiti ningekaa kitini angepiga bismillahi akala, lakini mimi nimekwenda jikoni nikarudi na habari ya nguruwe, ambaye Suratul Maida, aya ya 3, imemtaja waziwazi, na sasa hatuko tena kwenye shaka. Sikuwa na la kujibu, ingawa nilijilaumu kidogo kwa udadisi wangu.

Meneja aliandika katika daftari lake "bamba, mwiko, cheti cha Kigoma", kwa mpangilio huo. Mjomba aliagiza mayai mawili ya kuchemsha, akayamenya mwenyewe polepole, kisha akasisitiza kulipia na zile soseji alizoziacha.