Mgonjwa Aliyehitaji Dripu Ifungwe

Nafanya kazi katika chumba cha dharura cha hospitali ya wilaya kando ya Ziwa Victoria. Usiku mmoja aliletwa mama wa miaka thelathini na kitu, aliyezimia akipanda na ndoo ya maji kutoka ziwani. Kadi zake zilionyesha miaka miwili ya dawa za pumu, ingawa kifua hakikuwa na mluzi hata kidogo. Presha ilikuwa 84 kwa 60, oksijeni 81, miguu imevimba na mishipa ya shingo imetuna. Nilimpigia simu mwenzangu mwenye uzoefu kunizidi, naye akasema, "Mwongezee maji, huyo amekaukiwa."

Nilitii, na hadi leo linaniuma. Kabla ya nusu lita kuisha, presha ilishuka hadi 70 na midomo ikageuka zambarau. Niliifunga dripu, nikakimbilia wodi ya wazazi kuazima mashine ya altrasaundi. Kichwa cha mashine hiyo ni kile kipana cha kuangalia mimba, lakini nilikikandamiza chini ya ncha ya kidari, nikakielekeza bega la kushoto, na moyo ukaonekana wazi. Ventrikali ya kulia, yaani chumba cha moyo kinachosukuma damu kwenda mapafuni, ilikuwa kubwa kuliko ya kushoto, inayoisukuma mwilini, na ukuta wake umenenepa, dalili kwamba shida haikuanza jana. Ventrikali hiyo imeumbwa kusukuma damu kwa presha ndogo. Mishipa ya mapafu inapokaza, maji unayoongeza huitanua tu, nayo huibana ya kushoto hadi ikose damu ya kusukuma. Mishipa ya shingo iliyotuna ilikuwa imeniambia yote hayo mapema.

Nilipandisha oksijeni ikapita 90, nikaanza adrenalini kidogo kidogo ili kuinua presha, kwa kuwa noradrenalini, dawa niliyoitaka kwa kazi hiyo, hatukuwa nayo, kisha furosemidi ya sindano, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo. Pendekezo la kumpa usingizi na kumwekea mpira wa kupumulia nililikataa katakata, kwa sababu dawa za usingizi hushusha presha na hewa inayosukumwa huuelemea zaidi upande wa kulia. Alfajiri alikuwa amekojoa zaidi ya lita moja, na presha imefika 102.

Ndugu walichanga laki moja na ushei, pamoja na nauli, kwa kipimo cha moyo Mwanza. Chanzo cha mishipa ya mapafu kukaza kilikuwa kichocho cha miaka mingi, ambacho mayai yake hufika mapafuni na kuharibu mishipa midogo. Sasa anameza sildenafili, dawa ya kulegeza mishipa ya mapafu. Kwenye kadi yake nimeandika kwa wino mwekundu kwamba dawa hiyo isikatizwe ghafla, na chini yake kwamba asitundikiwe dripu ya haraka kabla moyo wake haujaangaliwa.