Nilivyochagua rili yangu ya kwanza ya ngoma kwa uvuvi wa ufukweni Mtwara

Ukiulizia vifaa vya kuvulia Mtwara mjini utapata nailoni ya kila unene, ndoana za kila namba na chubwi za risasi za kuzamishia mshipi, kwa sababu huku wengi wetu tunavua kwa mshipi wa mkono, nyavu na madema. Rili, kile chombo cha kukunjia nailoni kinachofungwa kwenye fimbo, ni habari nyingine. Nilipoamua kuvua nikiwa nimesimama mchangani, nirushe chambo kivuke mawimbi yanapovunjika, nilikuta karibu kila ushauri umetolewa na watu wa Uingereza, Marekani au Afrika Kusini, wenye bahari zao na pepo zao. Naandika haya kwa ajili ya mtu wa pwani ya kusini anayetaka kununua rili yake ya kwanza ya ngoma, maana yangu ninayo, inanifaa, na najua kwa nini inanifaa.

Kwanza tuelewane ni rili gani. Kuna ile inayoning'inia chini ya fimbo, yenye waya unaozunguka kukusanya nailoni. Unaporusha, ngoma yake, yaani gurudumu linalobeba nailoni, imetulia na nailoni inachomoka kwa mbele. Halafu kuna inayokaa juu ya fimbo, ambayo unaporusha ngoma yenyewe ndiyo inazunguka kutoa nailoni. Hii ya pili ndiyo ninayoiita rili ya ngoma. Ya kwanza ni rahisi kujifunza, na mtu anayetaka kuvua Jumamosi hii bila mazoezi aichukue hiyo, atavua vizuri tu. Mimi niliitaka ya ngoma kwa sababu ina nguvu ya kuvuta: nailoni inaingia moja kwa moja kwenye ngoma bila kupinda kona, kwa hiyo kuburuta chubwi nzito au samaki taa aliyejibandika mchangani ni kazi nyepesi zaidi. Tena inakuachia dole gumba juu ya nailoni tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyekulia kwenye mshipi wa mkono anamjua samaki kwa kidole, na sikuona sababu ya kuutupa ujuzi huo.

Majina utakayokutana nayo sana ni Penn ya Marekani, iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1932, Abu Garcia yenye asili ya Sweden, na Daiwa na Shimano za Japani. Wote wametengeneza rili nzuri. Ila jina pekee halikusaidii kuchagua, kwa kuwa kampuni moja hutengeneza rili ya kurusha kutoka ufukweni na nyingine ya kukokota chambo nyuma ya boti, na kwa macho ya mtu mgeni zinafanana kabisa. Hapo ndipo pesa za wengi zinapopotea. Rili ya boti ina ngoma nzito, wakati mwingine ya chuma au shaba. Ngoma nzito inachelewa kuanza kuzunguka, na ikishaanza haishikiki. Ya kurushia inatakiwa iwe na ngoma nyepesi, ya alumini, inayoanza na kusimama upesi.

Kilichoniamulia mimi ni breki ya ngoma.

Chubwi ikitoka mkononi inakwenda kasi sana, na ngoma inazunguka kwa kasi hiyohiyo. Muda si mrefu hewa inaanza kuipunguza chubwi kasi, lakini ngoma haina habari, inaendelea kutoa nailoni nyingi kuliko inayohitajika. Nailoni iliyozidi inainuka juu ya ngoma, inakamatana, na ndani ya kufumba na kufumbua una tatizo la nyuzi ambalo unaweza kukaa nalo hadi maji yakupwe. Kwa hiyo rili ya ngoma inawekewa breki ya kuipunguza ngoma hewani, na breki hizo hasa ziko za aina mbili. Moja ni vipande vidogo vya plastiki vilivyovikwa kwenye vijiti pembeni mwa ngoma. Ngoma ikizunguka vinarushwa nje na kusugua bangili iliyo kwenye kifuniko. Vinakamata sana mwanzoni kasi inapokuwa kubwa, kisha vinaachia mapema. Nyingine ni ya sumaku. Sumaku haigusi kitu. Ngoma ya alumini ikizunguka karibu nayo, umeme unazaliwa ndani ya alumini yenyewe, na umeme huo ndio unaoipinga ngoma. Ukizisogeza sumaku karibu breki inaongezeka, ukizisogeza mbali inapungua.

Wapo wataalamu wa kurusha mbali wanaosifu vipande vya plastiki, na kwenye uwanja wa mashindano wana haki. Lakini kwenye rili nyingi za namna hiyo, ukitaka kubadili breki ni lazima ufungue kifuniko cha pembeni, utoe kipande au uongeze. Hebu fikiria kufanya hivyo ufukweni Msimbati, mikono ina utomvu wa ngisi, upepo unapeperusha mchanga, na kipande chenyewe ni kidogo kama punje ya mchele. Kikidondoka ndiyo kwaheri. Sumaku yenye kitufe cha nje unaigeuza bila hata kuiweka fimbo chini.

Na huku kwetu utaigeuza mara kwa mara. Alfajiri umande, yaani upepo wa nchi kavu, unatoka bara, unakupiga mgongoni, chubwi inabebwa na upepo na ngoma haina shida, kwa hiyo unapunguza breki. Jua likipanda upepo unageuka. Kaskazi ikishika, kati ya Desemba na Machi, pale Msimbati unarusha ukiwa umeukabili, na upepo wa usoni ndio adui mkubwa wa rili ya ngoma, kwa kuwa unaisimamisha chubwi mapema wakati ngoma bado imechachamaa. Hapo naongeza sumaku kidogo kabla ya kurusha, nasikiliza. Breki ikitosha ngoma inatoa mvumo mmoja unaoshuka taratibu. Ikiwa pungufu unasikia mlio unakwaruza, na ukitupa jicho unaona nailoni imeanza kuvimba na kutetema juu ya ngoma. Dole gumba likigusa hapohapo, kwa wepesi tu, umeokoka. Kusi nayo ina mambo yake, inavuma miezi mingi na kwa nguvu zaidi, ila dawa ni hiyohiyo.

Basi nikawa nimejua ninachotaka: ngoma nyepesi, breki ya sumaku yenye kitufe cha nje, na ukubwa wa wastani. Kwa ukubwa nina maana inayobeba mita 200 na ushei za nailoni ya milimita 0.35. Penn 525 Mag ni ya kundi hilo, na zile Abu Ambassadeur za 6500 zenye sumaku pia. Daiwa SL30SH, inayopendwa Afrika Kusini, ni kubwa kidogo, inabeba nailoni nene na inafaa kwa papa na taa wakubwa, lakini kwa rili ya kwanza niliona ni mzigo: ngoma pana inahitaji gumba lililozoea.

Nilikataa pia rili yenye kile kidude kinachokwenda kushoto na kulia kupanga nailoni. Kinavutia machoni, lakini kinapunguza umbali, fundo linalounga nailoni nene ya mbele linapita kwa shida kwenye tundu lake, na mhimili wake wenye mifereji uko wazi ukisubiri mchanga. Kupanga nailoni kwa gumba la kushoto wakati unavuta kunajifunzika haraka.

Yangu ilitoka Dar es Salaam, imetumika, kupitia kwa binamu yangu ambaye nilimwelekeza kwa simu namna ya kuikagua kabla hajatoa pesa. Nilimwambia: "Kaka, achia ngoma iwe huru, ipige kwa kidole izunguke, usikilize. Ikikwaruza, beringi zimekwisha. Halafu geuza kitufe cha sumaku hadi mwisho, uipige tena. Isiposimama mapema kuliko mwanzo, hiyo sumaku ni pambo." Nilimwomba pia ashike nailoni, aivute kwa mkono huku breki ya samaki, ile ya nyota kando ya mkono wa kuzungushia inayomkaza samaki anapovuta, ikiwa imelegezwa kiasi. Inatakiwa itoke mfululizo. Ikitoka kwa kushtuka-shtuka, washa zake, yaani visahani vinavyosuguana ndani ya breki hiyo, zimechoka, na samaki kolekole mzuri ataikata nailoni kwenye mshtuko mmojawapo. Mwisho afungue kifuniko aangalie kutu na chumvi ya kijani. Muuzaji asiyekubali kifuniko kifunguliwe, niliona afadhali tumwache.

Kuhusu nailoni sina maneno mengi: anza na nailoni ya kawaida. Uzi wa kusukwa ni mwembamba na una nguvu, lakini hauna mvutiko, unajizika ndani ya tabaka zake, na ukitatizika kwenye rili ya ngoma hufumui, unakata. Usijaze ngoma hadi ukingoni, bakiza milimita mbili au tatu. Ngoma iliyojaa sana ni kali kuliko mwanafunzi anavyoweza kuimudu.

Lakini kuhusu nailoni nene ya mbele, kile kipande kinachofungwa kati ya nailoni ya kwenye ngoma na chubwi, naomba unisikilize vizuri. Chubwi yangu ni ya wakia tano, karibu gramu 140. Nailoni ya milimita 0.35 haiwezi kuhimili mzigo huo ukirushwa kwa nguvu zote. Ikikatika, ile risasi inakwenda mbele au pembeni kama iliyopigwa na bunduki, na fukwe zetu zina watoto, akina mama wanaookota chaza, wavuvi wanaopita. Kanuni inayotumika sana ni nguvu ya kilo 4.5 kwa kila wakia moja ya chubwi, kwa hiyo kwangu ni nailoni ya kilo 22 hivi, yenye unene wa karibu milimita 0.70. Urefu wake uwe wa kutosha kuzunguka ngoma mara kadhaa ukiwa tayari kurusha, na fundo likae pembeni mwa ngoma, lisije likachana gumba linapotoka. Sirushi kama kuna mtu mbele yangu au pembeni karibu, hata kama samaki wanaruka.

Faida moja ya rili ya ngoma hapa: unaporusha, anayeishikilia ngoma ni gumba lako, si breki ya samaki, kwa hiyo huna haja ya kuikaza na kuilegeza kila mara. Mimi naiweka robo ya nguvu ya nailoni ya kwenye ngoma, kwangu karibu kilo mbili, napima kwa mzani wa kuning'iniza, basi. Ila gumba lililolowa linateleza. Nilikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikakifunga kwenye nguzo ya rili kikalala juu ya ngoma, gumba linakibana. Haliungui wala haliponyoki.

Mazoezi nilifanyia kwenye mchanga uliokauka wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka mbali na hakuna watu. Chubwi peke yake, hakuna ndoana. Sumaku zote zimesogezwa karibu, narusha kwa ulaini kama nusu ya nguvu zangu, na chubwi ikigusa chini gumba linakamata ngoma. Hilo la mwisho ndilo somo lenyewe. Hata breki iwe nzuri namna gani, haijui kwamba chubwi imefika. Nilipokuwa nakamata bila kufikiri, ndipo nilipoanza kupunguza sumaku kidogo kidogo.

Mzee mmoja wa Msimbati, mvuvi wa miaka yote, alikuwa akinitazama nikirusha. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akaniambia: "Mwanangu, mbona unawapita? Kolekole wanakula pale maji yanapogeuka rangi." Nikamwonyesha kwamba rili hii naweza kuisimamisha popote kwa gumba. Nikarusha, nikaikamata ngoma chubwi ilipofika juu ya ule mstari. Akasema, "Hapo sasa." Kwa hiyo mtu akikuuzia rili kwa sifa ya umbali tu, mwulize inatulia vipi mkononi. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kabla ya kuvua huko zungumza na ofisi ya hifadhi wakueleze taratibu.

Chumvi ndiyo inayoua rili. Nikirudi nyumbani nakaza breki ya samaki ili maji yasipenye kwenye washa, naimwagia maji yasiyo ya chumvi kwa wepesi, si kwa presha ya bomba, maana presha inasukuma chumvi ndani. Nikishaifuta nailegeza tena. Beringi zinapata tone la mafuta ya cherehani, gia zinapata grisi, na grisi haikaribii ngoma. Kwenye pepo kali za kusi nimewahi kuweka mafuta mazito kidogo kwenye beringi, nayo yakawa breki ya ziada ya bure. Beringi za akiba niliagiza pamoja na rili yenyewe, kwa sababu kuzisubiri kutoka Dar es Salaam ukiwa katikati ya msimu wa kolekole ni kuukosa msimu.