Garum, nước mắm, kechapu: mchuzi wa samaki usio mchuzi

Muulize muuza samaki wa soko la Mbuyuni, Moshi, "mchuzi wa samaki", naye atakuelekeza kwa mama lishe. Atakuwa sahihi. Kwetu mchuzi ni kitu cha sufuriani: kitunguu, nyanya, nazi ikipatikana. Maji ya hudhurungi yanayochuruzika kutoka kwa samaki waliolazwa kwenye chumvi miezi kadhaa bado hayana jina letu lililozoeleka, ndiyo maana inafaa kuangalia wengine waliyaitaje.

Warumi waliyaita garum. Mwandishi wao Pliny, aliyekufa mwaka 79 volkano ya Vesuvius ilipolipuka, aliandika kwamba jina lilitoka kwa samaki ambaye Wagiriki walimwita garos. Samaki wakabadilika, jina likabaki. Mlipuko huohuo uliufunika mji wa Pompeii, na humo nyumba ya mfanyabiashara Aulus Umbricius Scaurus, mwenye sakafu iliyopambwa kwa picha za mitungi yake. Mmoja umeandikwa kwamba una "ua la garum", yaani bora kabisa, la vibua. Neno la pili, liquamen, linatokana na hali ya kuwa kimiminika, na baadaye majina hayo mawili yakachanganywa. Mashapo ya chini yaliitwa allec, maji ya chumvi muria.

Asia walitaja maji waziwazi. Kwa Kivietinamu nước ni maji na mắm ni samaki waliotiwa chumvi. Kwa Kithai nam ni maji, pla ni samaki. Kihokkien cha kusini mwa China kina kê-tsiap, maji hayohayo ya samaki, na hapo ndipo safari inaponoga: Kimalay kikawa na kecap, ambayo leo ni ya soya, Waingereza wakalichukua neno, likawa ketchup, na kulitumia hata kwa uyoga, na mwaka 1812 James Mease wa Philadelphia akachapisha maelezo ya kupika ya nyanya. Chupa nyekundu iliyo mezani kwa muuza chipsi mayai imebeba jina la maji ya samaki, samaki wenyewe hawamo.

Sasa kazi yenyewe, kuyatengeneza nyumbani. Dagaa wakavu hawafai: hawana maji ya kutoa, na waliochemshwa wamepoteza vimeng'enya vya tumboni, ambavyo ndivyo vinavyoyeyusha nyama. Hapa haifanani na mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, ambayo kazi yake hufanywa na hamira. Chukua vibua wabichi au wa barafu, wakate vipande, matumbo yabaki. Kilo 3 za samaki, kilo 1 ya chumvi, kwa mizani, si kwa kikombe. Kitabu cha kilimo cha Kigiriki cha karne ya 10 kinasema kipimo kimoja cha chumvi kwa vipimo vinane vya samaki, juani miezi miwili au mitatu. Usikiige. Chumvi ikipungua sana, bakteria wenye sumu hupata nafasi.

Tumia chombo cha kioo au plastiki ya chakula. Sufuria ya alumini italiwa na chumvi. Weka kizito juu ili samaki wazame kwenye maji yao, yanayoanza kutoka siku ya kwanza. Funga kitambaa kizito, maana inzi mmoja anatosha kuleta funza. Koroga kila wiki kwa mwiko safi. Moshi ina joto la kutosha kwa miezi sita hivi. Arusha, hasa Juni na Julai, kazi hupungua kasi, basi ongeza muda. Harufu ya samaki na chumvi ni sawa, ya yai viza si sawa: mwaga vyote. Na samaki waliokwisha kulala usiwaanze kabisa, kwani histamini, kemikali yenye madhara inayojijenga ndani yao, haiondoki kwa chumvi wala kwa moto.

Mwishoni chuja kwa kitambaa bila kukamua. Ukikamua, unapata allec ndani ya chupa.

Jina? "Maji ya samaki" linatosha, kwa mtindo wa Kithai, na aina ya samaki iongezwe kama alivyofanya Scaurus: maji ya vibua. Kijiko kimoja cha chai katika maharage ya watu wanne, na chumvi usitie kabla ya kuonja.